Jiwe la Mtu Halisogezwi

Mwanangu aligongwa na baiskeli mchana kweupe, kwenye njia ambayo hata gari haliruhusiwi kupita, na mimi sikuwepo. Nilikuwa dukani Kariakoo nampimia mteja lastiki. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila nilichojua kuhusu ajali ile nilikipata midomoni mwa watu, na midomo ya watu siiamini.

Njia yenyewe ni ile ya pembeni ya barabara ya mwendokasi, ukiwa unaelekea Gerezani. Imejengwa vizuri, sikatai. Upande huu waenda kwa miguu, upande ule baiskeli, katikati mstari wa rangi. Lakini upande wa miguu umejaa biashara: chaja za simu, sidiria, ndizi, viatu vya mtumba. Kwa hiyo sisi wa miguu tunahamia kwenye njia ya baiskeli, baiskeli nazo zinatupita kwapani, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mwehu.

Mwanangu yuko chekechea huko Msimbazi. Mchana alikuwa anachukuliwa na dada mmoja tunayepanga naye nyumba moja, ukuta kwa ukuta. Dada huyo anauza viatu vya watoto palepale njiani, ametandika turubai chini. Ananizidi umri, ameshalea wake wakakua, kwa hiyo nilimkabidhi mwanangu bila kuuliza mara mbili. Anamchukua shule, anamkalisha pembeni ya turubai mpaka nitoke kazini.

Siku hiyo alinipigia simu analia. Nilipofika hospitali mtoto alikuwa amevunjika mguu chini ya goti, na dada kakaa kwenye benchi, kanga imeloa.

"Baiskeli ya mayai, mdogo wangu! Imekuja mbio kama imetumwa. Nilikuwa nimemshika mkono hivi. Hivi!" Akanibana kiganja mpaka nikasikia mifupa.

"Yuko wapi huyo mtu?"

"Kakimbia, mbwa yule. Watu walitaka kumchoma moto."

Nikamchukia mtu nisiyemjua sura. Mtoto akafungwa hogo, ile plasta ngumu, kuanzia pajani mpaka vidoleni, na mimi kila nilipoona baiskeli imefungwa trei za mayai kwenye keria nilihisi mikono inawasha. Nikawauliza wauza chips wa njia nzima. Wote jibu moja: "Mayai wanaleta wengi, dada." Nikajua wanamficha. Yeye anawaletea mayai, mimi nawaletea nini?

Nyumbani nako kukaanza kunitatiza. Yule dada alikuwa mwema kupita kiasi. Supu ya kongoro asubuhi, uji wa ulezi jioni, anafua nguo za mtoto kabla sijaziloweka. Nilipojifungua mtoto huyuhuyu, alinipa pole mlangoni akaenda zake. Sasa wema huu wote umetoka wapi? Nilikunywa ile supu, ilikuwa tamu, lakini niliinywa huku namwangalia. Yeye hakuniangalia. Anaweka bakuli, anaangalia dirisha.

Basi siku moja kijana mwenye umri kama wangu akaingia dukani, fulana imepauka, akasimama mbele ya kaunta hanunui kitu.

"Dada, mimi ndiye mwenye mayai."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Mwenye duka, mzee wa Kihindi anayeuza zipu na vifungo tangu enzi za baba yake, akasema taratibu kutoka kwenye kiti chake, "Binti, mkasi weka chini. Halafu gombana."

Nikauweka. "Umekuja kuangalia kama amekufa?"

"Nimekuja kuuliza mguu. Wale wa chips wamenionyesha duka lako."

"Mbio zile ulikuwa unawahi wapi?"

"Mbio? Na trei za mayai nyuma? Dada, mwenye mayai hakimbii. Akikimbia anafika na chapati."

Mzee akacheka. Mimi sikucheka.

Hapa nieleze kitu kwa asiyekaa na wale watu. Nafasi njiani pale haziandikwi popote. Mtu akifunga biashara jioni anaacha alama: jiwe, ndoo mbovu, tairi, tofali lenye kamba. Asubuhi ile alama ndiyo wewe. Jiwe la mtu halisogezwi, hata likiwa limekaa katikati ya njia ya baiskeli. Nimeona watu wazima wanaliruka, mjamzito anazunguka, baiskeli inakata kona, na hakuna hata mmoja anayeinama kulitoa.

"Mawe ya pale nayajua yote," kijana akasema. "Napita nimefumba macho. Siku ile mbele ya mama wa viatu nikaona kiroba. Nikajua takataka, nikapita juu yake. Kumbe ndani kuna kinu."

"Kinu gani?"

"Kinu cha kutwangia, dada. Kimepasuka, nusu tu. Jana yake hakikuwepo. Tairi likapanda, nikaruka mimi na mayai, tukamwangukia mtoto."

"Na mbona ulikimbia kama huna kosa?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Yule mama alipiga kelele mwizi. Pale Kariakoo uitiwe mwizi, wewe ungekaa?"

Sikumwamini. Mwongo mzuri naye anajua kupanga maneno. Lakini kinu kilichopasuka nilikuwa nakijua. Kilikuwa cha mama mwenye nyumba, kimekaa uani miaka, kuku wanalala juu yake. Na nikakumbuka kuwa kuku wale siku hizi wanalala chini.

Nilirudi nyumbani mapema, dada akiwa bado kwenye biashara. Nikatafuta uani kote. Kilikuwa nyuma ya tangi la maji, kimeinamishwa, kimesuguliwa mpaka mti umekuwa mweupe. Nikakigeuza. Anayeosha kwa haraka haoshi ufa. Ndani ya ufa kulikuwa na kiini cha yai kimekauka, na kipande cha ganda kidogo kama ukucha.

Niliketi juu yake nikamsubiri. Aliingia na mfuko wa machungwa ya mtoto, akaniona nimekalia nini. Machungwa hakuyaangusha. Aliyaweka chini polepole.

"Nilisogeza alama yangu kidogo tu," akasema. "Yule wa chaja alikuwa ananibana. Kila siku ananilia nafasi kidogo, kila siku kidogo."

"Ukasogea mpaka kwenye baiskeli."

"Kila mtu anasogea! Mdogo wangu, ajali ni mipango ya Mungu."

"Mungu hakubeba kinu. Na kiroba je, alifunika Mungu?"

"Nilifunika kisiibwe kikawa kuni."

"Ukamwitia mtu mwizi wamchome."

Akafunika mdomo na kanga. Hapo ningeweza kumwacha. Lakini kulikuwa na kitu kimoja nilichokuwa nakihitaji kuliko vyote, na nilijua atanidanganya nikimpa muda.

"Mkono. Ulikuwa umemshika?"

Akainama kuyapanga machungwa mfukoni.

"Dada, ulikuwa umemshika mwanangu mkono?"

"Alikuwepo mteja," akasema. "Anajaribisha kiatu."

Hogo lilipotolewa mtoto alichechemea, bado anachechemea, daktari anasema kutaisha. Sasa namfuata shule mwenyewe. Siku ya kwanza tulipita palepale, jua la kuchoma, na yule dada akainuka kwenye viatu vyake akanyoosha mkono kama zamani. "Mwache hapa kivulini, mdogo wangu, atakufa na jua." Mtoto, kwa kuwa ni mtoto, akaniachia akaanza kumwendea. Nikamdaka kwa mkoba wa shule. Alilia. Nikamwacha alie.

Mbele kidogo nikakuta jiwe la mtu, katikati kabisa ya njia ya baiskeli. Nikaliinua.

"We dada! Weka hapo!" Ni yule wa chaja. "Jiwe la mtu halisogezwi!"

"Na mguu wa mtu?"

"Mwanamke kichaa huyu, jamani!"

Njia nzima ikanizomea. Nikalitupa mtaroni, nikijua kesho litakuwepo lingine.

Dukani mzee alimtazama mtoto, akaniangalia, akavuta stuli ndogo nyuma ya kaunta. "Akae hapa kila siku, binti. Hakuna shida."

Nikasema asante. Halafu nikaanza kujiuliza kwa nini amesema kila siku, na kwa nini pale. Nikatazama juu ya kichwa cha mwanangu. Maboksi ya zipu yalikuwa yamepangwa mpaka darini, la juu kabisa limetokeza. Nikamsogeza na stuli yake.