Asali Niliyoipeleka Mushaki

Nilifunga safari kwenda Mushaki kwa sababu mume wangu alikuwa ameacha pombe, na si mimi niliyemwachisha.

Miaka yote ya ndoa yetu nilimlilia mume wangu, Papa Furaha kwa jina la mtoto wetu. Nilimfichia viatu, nilimfungia mlango, nilimpeleka kwa wachungaji na kwa mzee wa dawa za msituni. Wapi! Kisha akaenda Mushaki, huko Masisi, kutafuta kazi ya kukamua ng'ombe, akakuta kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, naye akaacha. Kwenye simu ikawa kikundi tu: kikundi kimesema hivi, dada Vumilia ameshauri vile. Kurudi nyumbani hakutaja. Nikaamua kwenda kujionea kama bado nina mume.

Niliondoka kwetu Walikale alfajiri. Kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu, kwa hiyo nilinunua asali kwa wawindaji, kibido kimoja, yaani dumu dogo la plastiki. Ilikuwa changa, nyepesi kidogo, lakini tamu. Wiki ile barabara ilikuwa imetulia na wenye pikipiki walithubutu kupita. Tukafunga kibido nyuma, nikapanda.

Hadi Nyabiondo ilikuwa matope, madaraja ya magogo na vizuizi ambapo tulishuka kujieleza. Jua lilikipiga kibido siku nzima. Mimi nilikuwa nikimchora Vumilia kichwani: mara mwembamba, mara mnene, ila meno yake kila mara mazuri. Usiku nililala kwa mke wa mchungaji, akanipa ugali na sombe ya majani ya muhogo.

"Mama, unaenda kuona bwana ao kikundi?" akaniuliza.

"Ninaenda kuona mwenye alininyanganya bwana."

Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Kutoka Masisi-centre kwenda juu msitu uliisha, vikaja vilima vya majani, ng'ombe na baridi. Mushaki tulifika Jumapili mchana. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya barabara, mashavu yamejaa, macho meupe. Nilifurahi, kisha roho ikaniuma. Sura ile niliiomba mimi miaka yote, wakaipata wengine.

Alasiri, saa ambayo vilabu hujaa, kikundi kilikutana katika chumba cha kukusanyia maziwa. Kiongozi wao alikuwa Papa Célestin, mfugaji mwenye mvi. Vumilia, muuza maziwa, alikuwa mama mnene mwenye pengo mbele, na hata pengo lile nililionea wivu, maana kila lilipoonekana akitabasamu, mume wangu alilijibu kwa kicheko. Mume wangu walimwita Janvier, jina ambalo nyumbani hakuna anayelitumia. Zamu yake ya kusema ilipofika akasimama.

"Mutoto yetu ya kwanza alikufa mbele Furaha hajazaliwa. Kutoka siku ile, nilikuwa naogopa kulala. Njo nilianza kunywa."

Nilikaa kama niliyepigwa kofi. Mara ngapi nilimwuliza kwa nini anakunywa! Jibu alikuwa nalo, akawapa watu baki, nami nikalisikia nikiwa kwenye benchi la wageni.

Vumilia akachukua asali yangu, niliyowakabidhi nilipoingia, aitie kwenye maziwa ya wote. Alipolegeza kifuniko, kikaruka. Povu likamwagika, na chumba kizima kikanuka pombe. Asali ilikuwa changa, na jua na mtikisiko wa barabara vilikuwa vimeichachusha.

Mume wangu hakuweza kuliondoa jicho kwenye povu. Vumilia akaweka kibido chini, akamshika mkono. Wengine nao wakashikana, kimya. Papa Célestin akaniinamia.

"Hamu ikikuya, tunashika mukono ya jirani. Hatusemi kitu mpaka ipite."

Mkono wa mume wangu ndani ya mkono wa mwanamke mwingine, mbele ya macho yangu, na kilichouweka pale ni zawadi yangu. Wangu ulibaki mapajani, hakuna aliyeushika.

Baadaye Vumilia alikwenda kuimwaga asali mbali kwenye majani, akarudi kukaa kando yangu.

"Mama, usisikiye haya. Haiko kosa yako."

Nilitaka nimchukie vizuri, akaniharibia.

Jioni nilimwuliza mume wangu, "Utarudiya lini?"

"Siwezi sema siku. Kule kwetu kila njia inapita mbele ya pombe ya kasiksi. Hapa iko muntu wa kunishika."

"Na mimi siko muntu?"

Nililala nimempa mgongo.

Asubuhi alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Njia ilipita mbele ya kilabu; muziki ulishaanza, na mtu mmoja akamwita kwa jina, akiinua chupa. Mume wangu akasimama. Nikaona koo lake likimeza. Ndipo akautafuta mkono wangu bila kuniangalia, akaushika, pale barabarani, mchana kweupe, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya tangu tuoane. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa kukamua, na kilitoka jasho. Watu walitukodolea macho. Niliona haya, na sikumwachia. Hatukusema kitu mpaka ikapita.

Nimerudi Walikale. Wivu haujaisha, nisiwadanganye. Kila simu anapolitaja jina la Vumilia bado natafuna ulimi. Lakini nimejua kwamba miaka ile yote nilimshika shati, nikamshika koo, nikamshika kwa maneno, na mkono sikuwahi kumpa.

Siku hizi nikitoka sokoni napita mbele ya wauza kasiksi kwa makusudi, polepole, nikichagua mahali ambapo tutasimama kushikana mkono siku atakaporudi.