Mabaki Aliyoyakataa Bi. Tatu

Mwanangu, iko siku moja ambayo hunirudia kila nikipita Kariakoo, na mimi napita mara nyingi, maana miguu yangu haijajua kutulia. Nimeishi Tabora, Mtwara na Mwanza, kote nikahama. Nyumba tuliyopanga hapo siku hizi ni ghorofa la maduka ya vitenge. Wakati ule ilikuwa nyumba ya Kiswahili yenye ua mpana, na mwenye nyumba alikuwa Bi. Tatu, Mzaramo, mama wa rafiki yangu Hemedi.

Hemedi alikwenda vita vya Uganda, hakurudi. Wenzake tuliwapokea kwa ngoma. Yeye hakuna aliyejua alipoangukia. Bi. Tatu akakataa kuweka matanga. Kanzu ya mwanawe ilibaki nyuma ya mlango, naye akawa anaikung'uta vumbi mwaka hadi mwaka. "Sina kaburi," alikuwa akisema. "Nitamlilia wapi?"

Basi asubuhi moja natoka foleni ya sukari, mikono mitupu, nikamkuta ofisa wa jeshi amekaa uani, kofia magotini. Alieleza kwa upole kwamba yameonekana mabaki ya askari huko mpakani, hayana jina, na wanapita kwenye familia kuuliza.

"Mama, mwanao aliwahi kuvunjika mfupa?"

"Aliwahi."

"Mfupa upi?"

"Huohuo mliouona nyinyi."

Ofisa akanigeukia. "Kijana, wewe ulikua naye?"

"Ndiyo, afande. Tulicheza mpira pamoja Jangwani."

"Aliwahi kuvunjika mguu?"

Hakuwahi. Lakini Bi. Tatu alikuwa ananitazama kama mtu anayeomba maji. Nikaona, nikisema ndiyo, nani ataumia? Mdomo ulikwisha kufunguka.

Mlangoni mwa chumba chake alikuwa amesimama Mzee Maganga, mpangaji mwenzetu, Mnyamwezi mstaafu wa reli. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani wako anaweza kukutukana hata msibani, wewe huna ruhusa ya kununa.

"We Mzaramo!" akapaza sauti. "Umekosa cha kuiba, sasa unaiba maiti? Hemedi avunjike mguu kwa mpira gani? Akimwona beki anakuja, alikuwa anamwachia mpira na salamu juu!"

Ofisa alitazama chini.

"Toka hapa, mpagazi mkubwa we!" Bi. Tatu akamjibu, akaangua kicheko. Miaka mingi hatukukisikia. Kicheko kikageuka kilio, na Mzee Maganga akaja kukaa kando yake, sauti ameishusha.

"Dada, huyu waliyempata naye ana mama. Ukimchukua wewe, yule mwenzio atatafuta mpaka anaingia kaburini. Kazi hiyo unaijua." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, ulitaka kumgawia mama maiti kama sukari ya mgao, yoyote itakayopatikana?"

Bi. Tatu akajifuta kwa khanga. "Siye, baba," akamwambia ofisa. "Wangu hajavunjika popote. Mtafutieni mama yake."

Baadaye ofisa alipita kutuambia kwamba mabaki yale yamepata kwao, upande wa Masasi, na yamezikwa. Bi. Tatu akashukuru Mungu, halafu akasema, "Na mimi sasa niwekeeni matanga."

Siku ya hitima, pilau ikiwa jikoni, Mzee Maganga alitoka chumbani amevaa kanzu ya Hemedi. Akapita uani kama Hemedi alivyokuwa akipita: bega moja juu, kisigino kinaburuza, shingo imeinama upande kana kwamba amebeba redio. Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Bi. Tatu akasimama, akanyoosha kidole, anacheka machozi yakimtiririka.

"Huyo sasa ndiye! Huyo ndiye mwanangu!"

Nakuusia, mwanangu: mwenye huzuni usimpe uongo kwa kumhurumia, kwani faraja ya namna hiyo huwa umeipora kwa mtu mwingine usiyemwona. Kaa naye, mwambie kweli, na ukiweza, mchekeshe. Nawe ukimpata mtu wa kukukatalia mbele za watu kwa mapenzi, usimnunie.

Mungu akulinde katika safari zako. Na popote siku zako zitakapoishia, wawepo wanaoujua mwendo wako.