Paneli Zilizotundikwa Jikoni

Theonest ana miaka arobaini na mitano, ni fundi umeme anayeheshimika Kharumwa nzima, na sebuleni kwake kuna mashine ya gemu iliyo ndefu kuliko mkewe. Wacha watu waseme. Kaiunda mwenyewe kwa mbao, na anachojivunia zaidi ni paneli zake tatu za kuchezea: ya stiki na batani kwa ngumi, ya usukani kwa magari, na ya mpira wa kuviringisha kwa kiganja. Unafungua makomeo mawili, unachomoa plagi moja, unapachika nyingine. Dakika mbili tu.

Zile zisizotumika hukaa kwenye rafu nyuma ya mlango. Wiki moja alikuta unga wa mbao chini ya rafu, akalalamika nyumba nzima isikie kwamba wadudu wanazitoboa paneli zake na watamtia umaskini.

Mama yake, Bi Limi, alikuwa na wiki tatu tangu aletwe kutoka kijijini baada ya kufiwa na mumewe. Theonest alitaka abaki moja kwa moja. Lakini bibi aliletewa chai, akaletewa kiti, akakatazwa hata kushika ufagio, na Ijumaa akatangaza kwamba Jumapili mjukuu wake Adam atamfuata na pikipiki. Theonest alibembeleza mpaka akachoka. Iliuma.

Jumapili, aliporudi na mkewe kutoka kanisani, Theonest akakuta mashine wazi na rafu tupu. Akazitafuta paneli mpaka jikoni. Zilikuwa zinaning'inia juu ya mafiga, zimefungwa kwa nyaya zake zenyewe kama mahindi ya mbegu, nyeusi tii. Usukani ulikuwa umepinda. Batani zilikuwa zimelainika kama ugali.

"Mayu!" akamwita mama yake. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi, ng'wanawane, mwanangu," akajibu Bi Limi, tena kwa fahari. "Si ulisema wadudu wanazitoboa? Nimezitundika mlipoondoka tu, moto ukakolea vizuri. Mbegu ya baba yako niliitundika kwenye moshi hivi hivi, haikutobolewa hata punje."

Damu ilimchemka Theonest. Kisha akaona masizi kwenye mikono ya mama yake, akaona na furaha usoni pake, furaha ambayo hakuiona wiki tatu nzima. Akameza hasira yake, nayo ilikuwa kubwa.

Paneli ya mpira ilikuwa imetundikwa juu kabisa, mbali na joto. Wakaifuta pamoja kwa kitambaa.

"Hii ya nini?" bibi akauliza.

Aibu ikamshika Theonest. Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Akamkalisha mbele ya mashine, akapachika paneli, na kwenye kioo kigololi kikaanza kuteremka kwenye njia nyembamba ya milimani. Kikaanguka. Bibi akasonya, akaanza upya. Mara ya tano akapiga kigelegele, majirani wakachungulia dirishani.

Nje pikipiki ikapiga honi. Bibi hakugeuka. Akafungua makomeo mawili kwa mkono wake, kama aliyezaliwa nayo.

"Sasa niwekee ule wa magari."

"Umepinda kwa moto, mayu."

"Basi kesho tengeneza mwingine, niujaribu. Na mimi nitakuonyesha pa kuutundika, juu zaidi."

Katika maneno yote hayo Theonest alisikia moja tu: kesho. Akatoka mbio kumwambia Adam azime pikipiki, aingie ale.