Swali la Tangi Nililoliacha

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi nilivyosimama kwenye mwalo wa Ggaba, pale mitumbwi ya ziwani inapoegesha, nimeshika samaki mmoja kwa mikono miwili, nabishana na mwenye mtumbwi kana kwamba Uganda nzima inasubiri hukumu yangu.

Mwanangu, juzi uliponiambia umekaa na swali moja la hesabu tangu chakula cha mchana hadi jioni, hukutaka kuliacha, nilicheka kidogo. Nilijiona mwenyewe. Mtihani wako wa kuingia chuo cha biashara umebakiza wiki mbili, kwa hiyo weka simu pembeni nikusimulie habari za huyo samaki.

Nilikuja Kampala kutoka Kenya miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, nikapata kazi ya ukarani katika ghala la sabuni kule Nakawa. Nilipanga chumba hapa Kisugu, nyumbani kwa Mama Apio, mjane wa askari, mtu wa kaskazini, aliyekuwa akiuza samaki Ggaba. Kiswahili chake alikiokota kambini alikoishi na mumewe, changu nilikuja nacho kutoka kwetu. Mwanzoni nilikuwa nikimcheka, mpaka siku aliponiuliza Kiacholi changu, lugha ya kwao, kiko wapi. Tangu hapo nikashika adabu.

Kazi ya ghalani niliipenda, lakini kila baada ya muda aliletwa mtu kutoka nje kuwa mkubwa wangu, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Nikaamua kusoma biashara. Kulikuwa na chuo kilichopokea watu walio kazini, wakasoma jioni, ila lazima upite mtihani wa kuingia, na hawakukuruhusu kuufanya zaidi ya mara mbili. Mara ya kwanza nilianguka vibaya.

Sikuanguka kwa sababu sikujua hesabu, na hilo ndilo lililoniuma. Hesabu nilikuwa naziweza tangu shule ya msingi, na nilijivuna nazo. Lakini kwenye swali la tisa walileta tangi la maji. Mabomba mawili yanalijaza, la tatu linatoa maji, wanauliza litajaa baada ya muda gani. Nikakataa kushindwa na tangi. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena mpaka karatasi ikatoboka, na msimamizi alipotangaza kwamba muda umekwisha nilikuwa bado pale pale, sehemu kubwa ya mtihani sijaigusa. Ukweli huo sikumwambia mtu. Nilisema tu kwamba mtihani ulikuwa mgumu.

Sasa turudi Ggaba. Jumamosi nilikuwa nikimsaidia Mama Apio kwenye meza yake sokoni. Siku hiyo goti lilimsumbua, akanikabidhi beseni.

"Leo mguu nauma sana. Enda wewe kwa mitumbwi. Lete samaki mingi, ya mzuri."

Nilishuka kwa furaha, mtu mzima nimeaminiwa. Mitumbwi ilipofika, kina mama waliivamia yote kwa pamoja. Mimi nikakutana na sangara mmoja mkubwa ambaye macho yake yalikuwa maangavu lakini mashavu yamepauka. Ni mbichi au amelala tangu jana? Nikamnusa, nikambonyeza, nikamgeuza. Mwenye mtumbwi akaapa kwamba amevuliwa alfajiri. Nikabisha, naye akabisha. Nilipoinua kichwa, mitumbwi ilikuwa mitupu na wenzangu wanapanda sokoni na mabeseni yamejaa. Nilirudi na sangara yule yule, na kumbe kweli alikuwa amelala.

Mama Apio alitazama beseni, akanitazama mimi. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Hiyo ingine iko wapi?"

"Nilikuwa namchunguza huyu, Mama."

"Wewe nagombana na samaki moja, na ile yote naenda na watu." Akafuta kisu chake. "Na ile mtihani yako? Pia ulifanya hivi?"

Mwanangu, nililia mbele ya wateja. Mwanamke ambaye hakuwahi kukalia dawati alikuwa ameniona hadi ndani. Nikamweleza habari za tangi, mwanzo hadi mwisho, naye akasikiliza huku akiendelea na kazi.

Kisha akanieleza yeye hununua vipi. Kwanza hupita mitumbwi yote bila kusimama, akichukua wale samaki ambao jicho lake halina shaka nao. Wa mashaka huwaacha hapo hapo. Beseni likishapata uzito ndipo hurudi kwa wale wa mashaka, na wakati huo anawatazama kwa utulivu, maana hata akiwakosa meza yake haitakuwa tupu.

"Lakini Mama," nikasema, "kuacha swali ni kukubali kwamba sijui."

"Sasa wewe najua?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi kubali, pita. Nani nakufa?"

Toka hapo alinifanyia kitu ambacho nitamshukuru hadi nizikwe. Kila Jumamosi alasiri, wateja wakipungua, niliketi nyuma ya meza yake na maswali ya mazoezi mapajani. Yeye akiparua magamba ya samaki. Akimaliza mmoja aligonga meza kwa mpini wa kisu, akasema "Hama," nami nihamie swali lingine, nimelimaliza au sijalimaliza. Mwanzoni nilimwibia, naendelea kuandika kwa siri. Alikuwa akinirushia magamba. Nilirudi Kisugu nikinuka samaki, watu kwenye teksi, vile vibasi vya Kampala, wakinipisha kiti, lakini mkono wangu ukazoea kuachia.

Siku ya mtihani wa pili, ambao ndio ulikuwa wa mwisho kwangu, walileta tena tangi. Nadhani walibadilisha tarakimu tu. Nikashika kalamu kwa nguvu. Halafu nikakisikia kile kisu mezani. Nikachora alama ndogo pembeni, nikahama. Nilifika ukurasa wa mwisho, nikarudi kwa niliyoyaruka, nikayapata kadhaa. Muda ulikwisha kabla sijafika kwenye tangi.

Barua ya kukubaliwa niliipeleka moja kwa moja Ggaba. Mama Apio akaniambia nimsomee, kisha nimsomee tena polepole. Macho yakamjaa machozi.

"Na ile tangi?" akauliza.

"Nililiacha, Mama."

Akacheka mpaka akashika goti lake. Akachagua sato mkubwa kuliko wote mezani, akamfunga kwenye gazeti, akaniwekea mikononi. Miaka mingi baadaye, amani iliporudi kwao, alirudi nyumbani kaskazini na huko ndiko alikopumzika. Kila nilichokipata tangu barua ile, kuanzia cheo hadi nyumba hii unayoingia bila kubisha hodi, kina mkono wake ndani.

Basi nisikilize. Sikuambii ukimbie magumu. Jifunze mabomba na matangi yote, leo na kesho, ukiwa na nafasi. Lakini siku ukiingia kwenye chumba kile, chukua kwanza unachokijua, na kisichokubali kiache, usikichukie wala usijichukie. Kiwekee alama, pita, utarudi. Ukishindwa kurudi, bado beseni lako litakuwa na kitu. Na akitokea mtu wa kukuonyesha kosa lako, hata kama hajui kusoma karatasi yako, mwache akuonyeshe.

Mungu akutangulie, mwanangu, akupe jicho jepesi na moyo usioona aibu kusema sijui. Ukitoka kwenye mtihani njoo kwangu kwanza, nitakuwa nimepika samaki. Na wakikuletea tangi, ukalipata, niambie lilijaa baada ya muda gani, maana mimi sijui mpaka leo.