Bastola Niliyokwenda Nayo Nyumbani

Sikuwa nimelewa, na sikuwa usingizini. Nayasema haya mapema kwa sababu najua mtanitafutia sababu, kama alivyofanya kila mtu niliyemsimulia. Pombe sijaionja mpaka leo, na jua lilikuwa bado halijazama. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa askari kanzu hapa Kisumu. Askari kanzu ni polisi asiyevaa sare: unavaa kama raia, unaingia sokoni na hotelini, unasikiliza watu. Kabla ya hapo nilikuwa nimezoea bunduki ndefu ya begani, ambayo kila mtu anaiona na kujua wewe ni nani. Siku waliyonihamisha, Sajenti wetu alinikabidhi bastola ndogo ya risasi sita pamoja na ala ya ngozi ya kufunga chini ya kwapa la kushoto. Akaniambia, "Isionekane. Na isikuache."

Kumbe kuficha kitu mwilini ni kazi. Kwanza koti. Nani anavaa koti Kisumu saa saba mchana? Mimi nilivaa, na jasho likailowesha ala mpaka ikanuka ngozi mbichi. Mkono wa kushoto nao ulikataa kushuka, nikawa natembea nao umeinuka kama bawa la kuku aliyeumia. Siku moja pale soko la Kibuye mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alinitazama kwa huruma akaniuliza, "Bwana, una jipu kwapani?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, lakini niliondoka nimeona aibu.

Nikikaa kunywa chai, bastola inanichoma mbavu. Nikitaka kumsalimu mtu, mkono unataka kwanza kupapasa kama ipo. Kila asubuhi nilifunga mlango wa chumba changu, nikatoa risasi zote, nikajifunza kuichomoa. Fungua koti, ingiza mkono, vuta. Kila mara inanasa kwenye bitana. Nikalipeleka koti kwa fundi cherehani, mzee mmoja wa Kihindi, akaikata bitana na kuishona upya bila kuniuliza neno. Bado ikanasa. Sajenti alinitazama siku moja akatikisa kichwa. "Unafikiri kwanza," akasema. "Mkono unatakiwa ujue wenyewe."

Sasa niwaambie habari za Ochieng'. Alikuwa kaka yangu, na kwa mama yetu tuliokua ni sisi wawili tu. Yeye ndiye aliyenibeba mabegani kuvuka mto wakati wa mafuriko, yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliingia Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma. Vita vikaisha, wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Barua iliyokuja ilisema amepotea. Haikusema amekufa.

Kwetu Nyakach, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, watu huzika tunda la yago mahali pake, lile tunda refu, zito kama mtoto mchanga, ili roho yake itulie. Wazee walimwomba mama akubali. Mama akakataa kabisa. Kila jioni alimwekea Ochieng' ugali wake kando, na usiku hakuukomea mlango. Mimi nami, sitawaficha, nilifurahi alivyokataa. Hata huku Kisumu, meli ikifika gatini, nilijikuta nimesimama nikitazama abiria mmoja mmoja wakishuka. Kazi yangu haikuwa hapo.

Nikapewa likizo ya siku tatu. Bastola nilikwenda nayo, maana ndivyo nilivyoamriwa. Basi liliniacha Pap Onditi jua likiwa limeinama, nikashika njia ya miguu kuelekea kwetu, upande wa ziwa. Mvua ilikuwa imenyesha na ule udongo mweusi ulikuwa unanata viatuni. Mbele yangu, kama hatua thelathini, alikuwa anatembea mtu mwenye kabuti la jeshi. Nikakaza mwendo nimfikie, umbali ukabaki ule ule. Nikapunguza, ukabaki ule ule. Mmewahi kuona jambo kama hilo? Nikatazama chini kwenye tope. Kulikuwa na kwato za ng'ombe. Nyayo zake hazikuwepo.

Akasema bila kugeuka, "Omera, hicho ulichobeba ubavuni kimekuzidi uzito."

Omera kwa Kijaluo ni ndugu, na mtu yeyote anaweza kukuita hivyo. Kilichonipata ni ile sauti.

"Ochieng'?"

"Ni mimi. Usisimame, tembea tu."

Tukatembea. Niaminini, sikuogopa wakati huo. Moyo ulikuwa umejaa, sikujua nianze na lipi. Nikamuuliza alikuwa wapi miaka yote hiyo.

"Njiani," akasema. "Kila jioni mama ananiita nile. Natoka mbali nakuja, nafika mlangoni, siwezi kuingia. Narudi. Kesho ananiita tena. Nimechoka, omera. Mwambie anizikie tunda."

Nililia pale njiani, mtu mzima, polisi. Nikamwomba ageuke nimwone. Akasema nisitake hilo. Nikamwomba tena. Picha yake hatukuwa nayo hata moja, na uso wake ulikuwa umeshanitoka. Nilikuwa nakumbuka sauti, nakumbuka mabega, uso hapana. Mnajua uchungu wa kumsahau uso mtu unayemngoja?

Akasimama, akageuka.

Hakukuwa na kitu cha kutisha. Alikuwa Ochieng' yule yule wa siku aliyoondoka, na pengo lake la meno ya chini, na ujana wake wote. Mimi mdogo wake nilikuwa nimempita umri. Akatabasamu, akafungua mikono yake, akapiga hatua kunijia.

Na mkono wangu ukaenda. Sikuutuma. Koti lilifunguka, mkono ukaingia, ukatoka, na kwa mara ya kwanza bastola haikunasa popote. Nilipopata akili nilikuwa nimemlenga ndugu yangu kifuani.

Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Hakukasirika. "Umeizoea," akasema kwa upole, kama mtu anayemsifu mtoto. Halafu njia ikawa tupu.

Nilifika nyumbani giza likiingia. Nilimweleza mama yote, isipokuwa habari ya bastola. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza jambo moja tu: "Amekonda?"

"Hapana, mama. Yuko vile vile."

Akaivuta ile sahani ya Ochieng', akala ugali wote mwenyewe, polepole. Usiku ule niliusikia mlango ukikomewa. Kabla likizo yangu haijaisha tulizika tunda la yago, na mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akilala vizuri.

Mimi niliirudisha bastola na kuomba nirudishwe kwenye sare. Lakini mkono haukurudi. Mpaka leo, mjukuu akinikimbilia kunikumbatia, mkono wa kulia unaruka kwanza kuelekea kwapani, na mtoto anashangaa babu ana nini. Na ile njia ya Pap Onditi nimeipita jioni nyingi sana, bila koti, mikono mitupu, nikitembea polepole ili anayetaka kunifikia anifikie. Hajaja mtu.

Kwa hiyo wewe mwenye mtu wako aliyepotea, nakuonya. Siku atakapokutokea, usimwogope hapo. Mwache akufikie. Muda wa kuogopa utaupata baadaye, na utakuwa mwingi.