Mita ilisema sauti ni safi, ziwani wakasikia msiba (Kashikishi, miaka ya hamsini)

Wakuu, habari za humu.

Nimesoma mabishano yenu ya sound ya gari. Huyu ana app ya kupimia, yule ana masikio yake, mpaka mnaitana washamba. Ngoja mzee wenu aseme lake. Sina cha kudanganya, umri unagonga tisini.

Ufundi wa redio nilijifunza Katanga, nikavuka ziwa kuja upande wa Nchelenge. Kashikishi kulikuwa na mnunuzi wa samaki, tumwite ba Kaluba, hiyo "ba" ni heshima ya kule. Vanette yake, yaani pikapu, ilikuwa na amplifier ya kutumia betri ya gari. Inaegeshwa ufukweni mchana, inapiga muziki kidogo, halafu inatangazia mitumbwi ilete samaki kabla gari halijaondoka.

Alitaka fundi mmoja wa kudumu. Tuligombea wawili, mimi na dereva wake Mwansa, kila mtu na siku yake ya kujaribiwa.

Mimi nilikuwa nimeshamwambia baba wa binti niliyemposa kwamba kazi ninayo. Uongo. Kwa hiyo ilikuwa lazima niipate.

Siku yake Mwansa alifunga spika ya honi juu ya paa. Akamtuma dada yake atembee hadi kwenye vichanja vya samaki, akirudi anamuuliza, "Umesikia nini?" Nikacheka sana. Fundi gani anapimia dada?

Siku yangu nikaleta mita ya sindano ya kupimia sauti na spika kubwa ndani ya sanduku la mbao. Naongeza bass, sindano inapanda. Naongeza tena, inapanda tena. Sikusogea hata hatua kumi kutoka kwenye gari. Kichwa kilikuwa kikubwa, wakuu.

Sasa, pale ziwani kuna desturi niliyoijua vizuri ila siku hiyo haikunijia kabisa. Ngoma nzito ikilia mchana kutoka kijijini, kuna aliyekufa. Mvuvi anakunja wavu na kurudi. Siku hiyo havui tena.

Mitumbwi ikaanza kuja, mingi kweli! Nikamwambia ba Kaluba, "Si munaona?"

Akachungulia wa kwanza. Hamna samaki. Wa pili, hamna. Wanawake nao wanashuka kutoka kwenye vichanja, mikono kichwani, wanauliza nani amekufa.

Wa mwisho kufika alikuwa mvuvi mmoja, ba Chola, katokea kisiwa cha Chisenga, kaacha baba yake mgonjwa nyumbani. Alianguka mchangani. "Tata! Tata anakufa na miye siko!"

Kumbe huyo baba yake yuko nyumbani anakula bukari, ugali wake, hana habari.

Mawe! Ndiyo "ole wangu" ya kule. Nilitafuta pa kujificha nikakosa.

Chola alikwenda kumwona baba yake, akarudi. Nikajua nakula makofi. Akasema tu, "Fundi, panda mu mutumbwi. Mwansa, piga ile ile spika yake."

Tukapiga kasia hadi wanapotega nyavu. Nikasikia ndu, ndu, ndu. Muziki hamna, tangazo hamna. Mimi niliyeifunga kwa mikono yangu, moyo ulinipasuka kama nimefiwa.

"Ile mita yako ilikuwa na weye kule ku gari," Chola akasema. "Siye tulikuwa huku."

Nikashika kasia, tukarudi ufukweni.

Kazi akapata Mwansa. Nikaenda mwenyewe kwa baba wa binti kumwambia ukweli. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa maji ya kunywa, akanisindikiza njiani kwa adabu zote. Binti aliolewa Chienge mwaka uleule.

Funzo langu: pima, mita si adui. Ila ukishapima, nenda ukakae pale anapokaa msikilizaji, ndipo uite sauti nzuri au mbaya. Na kama unalo la kusema kwa wakwe, hakikisha kwanza ni kweli.

Wa app na wa masikio, uwanja ni wenu, nipingeni. Mimi hadi leo gari la bass likipita hapa mtaani, nasimama kwanza niulize nani amefariki.