Kuvu Katika Bafu ya Waithira

Waithira alitoka Nyeri na watoto wanne, mkubwa wao Ndungu, majembe mawili na hisa moja katika kampuni ya kununua mashamba. Kura ilipopigwa mwaka wa sitini na tisa, yeye, mjane, ndiye aliyeokota karatasi ya ekari saba zenye nyumba ya mzungu. Wanaume walishika vichwa. Nyumba ya mawe, vigae juu, na bafu ndani kwa ndani! Shamba lilikuwa upande wa Kesses, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu hadi Eldoret mjini.

Bafu hiyo ndiyo iliyomtoa jasho. Kwao mtu alioga nyuma ya nyumba akijisitiri kwa magunia, na maji yakanywewa na ardhi. Hapa dirisha lilikuwa kubwa, la kioo, likitazama njia ambayo nusu ya wanachama walipita wakienda mtoni. Waithira hakuwa na haja ya kuonwa na wanachama. Akapigilia mbao, misumari ishirini na minane, akaoga kwa raha zake.

Mvua za Julai zilipokolea, madoa meusi yalitokea kwenye kona. Akayasugua kwa maji moto. Yakarudi na ndugu zao. Akasugua asubuhi na jioni, yakapanda hadi darini. Waithira alichanganyikiwa kabisa. Tangu lini uchafu ukazidi kwa kuoshwa? Labda yule mzungu aliondoka amenuna akaacha kitu humo. Aliomba, kisha akamwaga ndoo nyingine nne.

Hapo ndipo Gerishon, mwenyekiti wa kampuni, alipokuja kuchungulia.

"Mama Ndungu, hii nyumba unaiozesha," alisema. "Jumapili kamati inakuja. Ikipata hivi, utajengewa kibanda kule chini, nyumba ipewe mtu anajua kuitunza."

Waithira aliogopa. Kesho yake alikuwa mjini, dukani kwa Omar, Msomali aliyewauzia watu wa mashamba kila kitu.

"Nipe dawa ya ukuta, kali kabisa. Imekuwa nyeusi, na kila siku naosha."

"Na nini?"

"Maji moto. Ndoo nne."

"Na mvuke inatoka nje kupitia wapi?"

"Dirisha nilifunga na misumari," alisema Waithira.

Omar alicheka hadi akashika kaunta. "Mama, hiyo ni kuvu, na wewe ndio unainywesha! Sugua mara moja na magadi, toa mbao, acha upepo ikaushe. Ikikauka kabisa, paka chokaa. Na ukimaliza kuoga, panguza ukuta."

"Na watu wakiniona?"

"Weka pazia nusu ya chini. Huko juu wataona nini, kitambaa ya kichwa?"

Hakumwamini sana. Upepo wa Julai wenyewe umelowa, utamkausha nani? Lakini hakuwa na akili nyingine, kwa hiyo aling'oa mbao.

Jumapili kamati ilikuja, wazee watatu na karatasi yao. Ukuta ulikuwa mweupe, pazia likicheza. Wawili walitazama mara moja, wakasema nyumba ni yake, wakaifuata chai sebuleni. Gerishon alibaki. Alipitisha kidole ukutani, akainama, akatazama darini, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Misumari ulitoa yote?"

"Yote."

"Hata ya juu?"

Waithira alimkodolea macho. Gerishon alipewa nyumba ya meneja, ng'ambo ya mto, nayo ilikuwa na bafu.

"Mzee, kuvu yako imefika wapi?"

"Jikoni," alisema Gerishon, akiizungusha kofia mkononi.

Hasira ilimpanda Waithira hadi masikioni. Wiki nzima hakula vizuri, kumbe mtu alitaka kuhama kwake kulikooza aje aoge hapa!

"Utang'oa misumari, Mzee, nitakuonyesha," alisema. "Lakini kwanza hiyo karatasi ya nyumba yangu weka sahihi."